Kompyuta Iliyovuta Salfa

Juzi mjini Masasi nilimwona fundi akipuliza vumbi ndani ya kompyuta, nikakumbuka harufu ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho.

Miaka ile kompyuta yetu ya nyumbani, iliyokaa sebuleni, ilikuwa ikiganda kila alasiri. Fundi wa wakati huo alipoifungua, feni ilikuwa njano tupu.

"Baba Zuhura, mashine inavuta salfa yako. Itakufa hii."

"Basi ivalishe barakoa," Baba alimtania, akakohoa.

Mifuko ya salfa pale sebuleni ilikuwa saba; niliihesabu mara mbili. Baba alilala kando yake, akiilinda na wezi.

Tuliihamishia kompyuta chumbani, haikuganda tena. Nilifurahi kwamba mgonjwa wetu amepona. Baba alitandika mkeka wake palepale kwenye mifuko, akikohoa.