Nilijaza nyumba watu ili nijue kama dari langu linapumua vya kutosha

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi niko Bunia, Ituri. Nawaletea jambo lililonipata mwenyewe, bila chumvi. Anayetaka chai aende uzi mwingine.

Ni kuhusu ile nafasi kati ya dari na mabati. Sisi huku dari tunaita plafon, mabati tunaita manjanja. Nafasi ile inahitaji hewa, na mimi niliinyima.

Bunia iko juu, usiku kuna baridi. Wezi walipozidi mtaani, niliziba kwa matofali na sementi mwanya wote ulio kati ya ukuta na manjanja. Majirani walifanya hivyo hivyo. Nikalala usingizi mzuri.

Muda si muda plafon ikaanza kulowa kwa mvuke wa ndani uliokosa pa kutokea, halafu ikawa nyeusi kwa ukungu. Binti yangu Neema ana pumu. Alizidiwa, tukampeleka hospitali ya Nyankunde, nje ya mji, na daktari akakataza asirudi kulala chini ya ukungu.

Mke wangu Furaha akabaki naye kule kwa dada yake, pamoja na wadogo zake Neema. Nikabaki mimi na viti.

Wakuu, upweke ni ugonjwa. Nilifika mahali pa kuwasha redio ili tu kuwe na mtu anayeongea.

Basi nikakaa na hesabu. Kanuni niliyoikuta kwa mafundi ni hii: gawa eneo la dari kwa mia na hamsini. Nyumba yangu ni mita kumi kwa tisa, yaani mita tisini za mraba. Inatoka 0.6, yaani mita 0.6 za mraba za matundu. Nusu ya matundu yawe chini, pembeni mwa paa. Nusu yawe juu, kwenye kuta za pembetatu. Hewa baridi inaingia chini, ya joto inatokea juu.

Hapa wengi wanaanguka: wavu wa mbu unakula karibu nusu ya tundu. Ukiweka wavu, zidisha mara mbili. Na vumbi letu hili jekundu, usiposafisha wavu ni kama umeziba tena.

Fundi alinicheka. Alisema hajawahi kulipwa kubomoa alichokwisha lipwa kujenga. Lakini alitoboa, tukabadilisha mbao zilizooza, plafon ikakaa kavu mvua baada ya mvua.

Nikampigia Furaha kwa furaha zote. Hakushangilia.

"Weye iko peke yako mu nyumba," alisema. "Mutu moja anatoa mvuke gani? Siye tukirudia wote, tupike, tufue, itaanza tena."

Alikuwa na haki. Mvuke unatoka kwa watu. Kupima dari nilihitaji watu, na nikagundua sina wa kumwita. Tangu waondoke nilikuwa nimeacha hata kusalimia.

Nilimeza aibu, nikaenda kwa kwaya ya kanisani kwetu. Niliwaomba waje kufanya mazoezi sebuleni kwangu siku ya mvua, nami nitawapikia. Walikubali bila kuuliza sana.

Walikuja wengi. Tulifunga madirisha. Maharage na maji tulichemsha nje barazani, tukaingiza masufuria yakifuka. Makala, yaani mkaa, msiingize ndani, wakuu, hiyo ni kifo. Wao wakaimba, mimi nikapanda ngazi, kichwa ndani ya plafon, na tochi.

Sasa fikiria jirani anaona nini. Nyumba ya mtu anayeishi peke yake, ambaye hajaonekana siku kadhaa. Viti vingi, masufuria makubwa, nyimbo za polepole.

Mama jirani alifunga kitenge kiunoni akaanza kulia barabarani. Kabla hajaingia kuona maiti, alikuwa amekwisha mpigia Furaha kumpa pole.

Mimi huko juu sikujua lolote. Simu nilikuwa nimeiacha chumbani.

Mazoezi yalikuwa yanaelekea kwisha pikipiki iliposimama mlangoni. Furaha aliingia, maji yanamtiririka, Neema mgongoni ndani ya koti la mvua. Kwaya ikakatiza wimbo. Nikateremsha kichwa.

"Baba Neema, uko muzima?"

Nami, mpumbavu, nikajibu: "Plafon iko kavu."

Alikaa chini kwenye sementi akalia. Niliposhuka kumshika, alisema kwa sauti ndogo: "Waliniambia umekufa. Njia yote niko najiuliza nani alikufunga macho."

Nililia nami, mbele ya kwaya nzima.

Walilala kwangu, na asubuhi Neema aliamka hajakohoa. Wamerudi Nyankunde kumaliza mwaka wa shule, kisha wanakuja wote. Mpaka hapo niko mwenyewe tena, ila kila asubuhi Furaha ananipigia kusikia kama nimeamka.

Somo: gawa kwa mia na hamsini, nusu chini nusu juu, wavu mara mbili. Mafundi mnisahihishe.

Na wewe unayeishi peke yako, andika hapo chini: ni nani anayekupigia asubuhi?