Gauni la Kiuno cha Usichana

Mume wangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Jicho, kwa sababu hakuwahi kumpima mtu kwa futi. Ukiingia kibandani anakutazama mara moja, kuanzia mabega hadi vifundo vya miguu, anasema, "Haya, nenda." Nguo ikiisha, inakukaa kama umezaliwa nayo.

Kibanda chetu kimeshikana na nyumba. Mlango mmoja unatazama barabara, mwingine jiko langu. Kwa hiyo dalili zilipita mbele ya macho yangu. Anakunywa chai, anarudisha kikombe, kisha anaita, "Mama watoto, leo hakuna chai?"

"Umeshakunywa, mlafi wewe."

Tunacheka. Mara bobini za uzi wa cherehani nazikuta kwenye kopo la sukari. Nikasema ni uzee tu. Mimi nakumbuka hata viraka vya kaptura ya mwalimu wangu wa darasa la kwanza, lakini si kila mtu amejaliwa.

Siku moja mama muuza mikate, jirani yetu aliyejazia vizuri, alikuja kuchukua gauni lake. Akaingia nyuma ya pazia kulijaribu. Kisha kichwa kikachomoza.

"Shemeji, hili ni langu au la binti yangu?"

"Lako."

"Basi umeingia mkono mmoja, na huo nao unaomba msaada."

"Umenenepa tangu juzi," Jicho akasema.

"Tangu juzi? Unene huu ninao tangu mtoto wa pili, na sasa nina wajukuu."

Tulicheka hadi nikashindwa kushika mkasi wa kumchomoa. Wiki hiyohiyo dereva wa lori la maji, mtu mrefu kama mlango, akakabidhiwa suruali iliyomkomea magotini. Tukacheka tena.

Kisha Jicho akanishonea mimi gauni, kwa kunishtukiza. Nikalivaa, likakataa kupita nyongani. Nikaligeuza, nikatazama kiuno. Kiuno kile nilikijua. Kilikuwa changu, mwaka ule aliponioa.

Hapo kicheko kikanikauka. Mishono ilikuwa imenyooka, hakuna uzi uliolegea. Ila gauni la muuza mikate lilikuwa la siku alizokuwa mwari, na suruali ya dereva ilikuwa ya enzi alipokuwa mtoto, akiletwa na mama yake kushonewa sare. Jicho alikuwa anatushona wa zamani. Wa leo hakutuona.

Nikampigia simu binti yetu, kifungua mimba, nikamweleza.

"Mama, nakuja kumchukua Baba apumzike kwangu," akasema. "Cherehani muifunike."

Nilijua ukimtoa mume wangu kwenye cherehani umemtoa roho. Lakini kuficha nako hakufai. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamjibu, "Kwanza hospitali. Ya kwako baadaye."

Jicho alikataa. "Mgonjwa ni nani?"

"Mimi. Naumwa wasiwasi. Nisindikize."

Daktari, binti mpole, akamuuliza huu ni mwaka gani.

"Daktari, kalenda iko nyuma yako," akasema, nasi tukacheka. Halafu akanigeukia, anatafuta jibu usoni kwangu kama mwanafunzi anayechungulia daftari la jirani. Nikafunga mdomo. Sijawahi kuufunga kwa taabu vile.

Wakampima damu na presha, maana kusahau huweza kuletwa na mengine yanayotibika. Majibu yalipotoka, daktari akatuambia hayo mengine hayapo. Ni ugonjwa wa kusahau, na ndio kwanza unaanza. Hautaisha, ila akisaidiwa anaweza kuishi nao vizuri.

Jicho aliuliza swali moja tu. "Na kushona?"

"Shona, mzee. Vipimo usaidiwe."

Tulipokaribia nyumbani akaniuliza:

"Utanipimia wewe?"

"Nitakupimia."

"Futi unaijua kusoma?"

"Nimemaliza shule ya msingi mimi, bwana."

Basi sasa mpimaji ni mimi. Naandika kwenye karatasi, naibana kwa pini juu ya kitambaa, yeye anakata na kushona. Ugomvi haukosi.

"Hiki ni kiuno cha mtu au cha pipa?"

"Changu hicho, shemeji," muuza mikate anamjibu kutoka barazani. "Shona, acha maneno."

Binti yetu alikuja kama alivyoahidi, tayari kumchukua. Akamkuta baba yake katikati ya mapazia yaliyoagizwa na shule, cherehani inanguruma.

"Baba, hujachoka?"

"Nikichoka nitakwambia. Shika upande huo, linaburuzika chini."

Akashika. Akamaliza la kwanza, akashika la pili, akavua viatu. Alasiri alikuwa akiyapiga pasi, baba yake akimgombeza kwamba mikunjo imepinda, naye akijibu, "Ndiyo, Fundi." Habari ya kumhamisha sikuisikia tena. Wakati wa kuaga alisema atarudi Jumamosi.

"Njoo mapema," Jicho akamwambia. "Kazi ipo, na mama yako mkali."