Kelele za Mti wa Ngazi

Niliporudi Bunia na diploma yangu ya kilimo, majirani walinikuta nimesimama katika parseli yetu, kiwanja kilichobaki majani na matofali yaliyoungua, wakacheka. Baba Yozefu, jirani wa upande wa chini, alisema bila kuficha: "Weye mutoto wa vindege, hata ukijenga ghorofa, mama yako hatarudi humu." Mama alikuwa Mahagi tangu tulipokimbia vita, na kila aliyetumwa kumwita alirudi peke yake. Jibu lake lilikuwa moja: pale iko kimya sana.

Wa rika langu wataelewa. Enzi zetu, bustani haikuwa ya watu peke yao. Watu walipokimbia vijiji, wanyama wa porini nao walisogea mjini. Kenge alilala kwenye mihogo akingoja mayai ya kuku. Nguchiro walizaa chini ya jiko, na sombe, majani ya mihogo, ikianza kutwangwa walitoka kana kwamba wamealikwa. Nyuma ya mtungi aliishi chura mkubwa, na jioni tukinawa miguu tulimwomba asogee. Juu ya wote hao ulisimama mti wa ngazi, mchikichi wetu wa mawese, umejaa ndege wa manjano wanaosuka viota kama vikapu vidogo. Walichana majani ya migomba yetu yakabaki nyuzi. Waligombana toka alfajiri hadi jua kuzama, na mama hakuruhusu hata mmoja apigwe manati, hata siku ambazo sufuria ilikuwa na mboga ya lengalenga na chumvi tu.

Ndege wale walikuwa walinzi wetu. Risasi za mbali walishazizoea, waliendelea na ugomvi wao. Lakini mtu mgeni akipenya kwenye migomba, walinyamaza wote kwa pamoja. Kabla hatujajua kusoma, mama alitufundisha: "Wakinyamaza, musiulize. Kamata mudogo wako, kimbia." Maji yalimwagwa motoni, kila mtoto akabeba furushi lake, tukashuka mtaroni.

Siku moja walinyamaza mchana, na mtaa mzima, uliokwisha kujifunza kwetu, ukakimbia. Baba Yozefu alikuwa na godoro kichwani na mbuzi mabegani. Tulilala kwenye matope mpaka mmoja wetu akachungulia: mwewe alikuwa ametulia juu ya bati letu. Baba Yozefu aliapa kwamba hatakimbia tena kwa ajili ya ndege. Mama alimjibu kwa upole, "Leo tumekimbia mwewe, baba. Kesho nitakimbia tena."

Waliponyamaza tena hakuwa mwewe, walikuwa watu wenye bunduki. Baba Yozefu alibaki mlangoni akicheka, mama akarudi mbio, akamvuta mkono kama mtoto, na sote tukatoka kupitia migomba. Nyuma yetu nyumba ziliungua, na mti wa ngazi nao. Tangu siku ile hofu ya kimya ilimwingia mama mwilini. Huko Mahagi alipanga chumba kando ya mahali malori yanaponguruma, ili apate usingizi.

Basi nilijua kazi yangu: kuwarudisha ndege. Kwetu jirani hauziwi mche, anaazimwa, naye hurudisha mche uliozaliwa na uleule. Mama Neema aliniazima migomba, mchimba dhahabu mmoja akaniazima mapapai, na Baba Yozefu, akicheka bado, mche wa ngazi. Nilipima udongo, nikatia mbolea, kiangazi nikabeba maji begani. Ngazi za wengine zilipofika kiunoni, yangu ilikuwa imenipita kichwa, na nasema hivyo bila aibu. Chura alirudi wa kwanza, kisha kenge, ambaye sikumfukuza ingawa alinimalizia mayai. Ndege hawakuja. Miaka ikapita, na Baba Yozefu akawa ananiuliza kila Jumapili kama nimewaandikia barua.

Halafu asubuhi moja ya mvua niliamshwa na ugomvi. Nilipiga simu Mahagi, nikainua simu kuelekea juu ya mti. Mama alisikiliza, kisha akauliza, "Na migomba, wamechana?" Nikamwambia imebaki nyuzi. Akasema atatafuta lori.

Watoto wa siku hizi, wangu wakiwemo, ndege wakianza tu hutia vidude vya muziki masikioni. Ukiwaambia wasikilize, wanakuuliza wasikilize nini. Siwalaumu, maana walilala usingizi ambao sisi hatukulala. Ila sisi tulijua kila sauti ya parseli ni ya nani, na sijui nani atamsogeza chura wangu kwa adabu nikiwa sipo.

Mama alipofika, niliwaita wote walioniazima. Nilirudisha kila mche na mwingine juu yake, kwa sababu mtu mwenye diploma harudishi kilekile alichopewa. Baba Yozefu alikuja wa mwisho. Alipokea miche yake ya ngazi, akaitazama sana, kisha akataka kumsalimu mama. Nilimwonyesha kwa kidole. Mama alikuwa kwenye mkeka kando ya jiko, shavu juu ya kiganja, na katikati ya makelele yale yote alikuwa amelala.

Baba Yozefu alivua viatu, akavishika mkononi, akapita polepole asimwamshe.