Mita ya Mdogo Wake

Msoma mita za umeme hakuhitaji umbea kujua nani mambo yamemnyookea. Mita ya mdogo wake, mshona mashati ya kuuzwa ng'ambo, ilizunguka kama pia, na kila mwezi aliisoma kwa wivu. Kwake mwenyewe palikuwa na taa mbili na redio.

Mwezi huu akaikuta ile ya mdogo wake imesimama kabisa. Alicheka peke yake mpaka jino la mwisho, kisha akavaa uso wa msiba, akabisha hodi.

"Pole, mdogo wangu. Biashara ndivyo ilivyo."

"Pole ya nini, kaka? Oda za ng'ambo zimezidi, umeme wa hapa hautoshi. Mashine zote tumehamishia kiwanda kipya, karibu na bandari."

"Na mita ya huko anasoma nani?"

"Hasomi mtu, kaka. Inajisoma yenyewe."