Majina Katikati ya Wimbo

Marcelline hakuwahi kuwa mpole, na wanaosema hapa Kasongo kwamba uzee ndio umemfanya mkali hawamjui. Alikuwa mkali tangu enzi zile akiimba roki katika bendi ya Radi, mwanamke peke yake kati ya wanaume wanne, gitaa zikinguruma kwa betri za gari huku wazee wa parokia wakiziba masikio. Siku hizi analima mihogo na kuuza unga sokoni. Mteja anayeuchezea unga wake bila kununua huondoka amesikia ya kumtosha.

Kwa hiyo Christophe alipofika kutoka Goma na habari za albamu, alikwenda kwa adabu zote. Yeye na wenzake walikuwa wamezirekodi upya nyimbo za Radi, kila mwanamuziki wimbo wake, kwa heshima ya bendi ile.

"Ni omaji, mama, ya kuwaheshimu," alisema. "Tangu niko mudogo niko nasikiliza kaseti yenu. Nilimeza yote kwa kichwa, neno kwa neno."

Marcelline akaangua kilio cha furaha. Jirani hawakuwa wamezoea kumsikia akilia, wakaja mbio kuuliza kuna msiba gani.

Albamu ilizinduliwa Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa parokia. Walimketisha mbele kabisa, ndani ya kitenge kipya, pembeni ya Jean-Paul, mnunuzi wa dhahabu wa Lusangi aliyegharamia studio. Nyimbo za kwanza zilimfurahisha kweli. Vijana walijua kuliza gitaa. Kisha Christophe mwenyewe akapanda jukwaani na kuanza "Njia ya Kabambare".

Wimbo huo Radi waliutunga baada ya kurudi kutoka ukimbizini. Vita viliwakuta kwenye njia ya Kabambare, na huko wakafia watatu: Clovis, mpiga ngoma; Raphaël, kaka yake Marcelline; na Laura, binti wa Marcelline mwenyewe, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Walizikwa harakaharaka porini, bila msalaba, na leo hakuna anayeweza kuonyesha mahali. Ndiyo maana katikati ya wimbo vyombo hunyamaza, naye Marcelline akawaita mmoja mmoja. Kaburi jingine hawana.

Sasa vijana wale, waliosikia majina yakiitwa ndani ya wimbo, walielewa nini? Mabanga! Walidhani na wazee walifanya kama wanavyofanya wao, kutaja jina la tajiri ili tajiri atoe chochote. Basi wakayafuta majina ya zamani na kuweka la kwao. Vyombo viliponyamaza, Christophe akapaza sauti: "Jean-Paul! Jean-Paul wa Lusangi, baba ya dhahabu!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Tajiri akasimama kupunga kitambaa.

Hasira ilimpanda Marcelline. Akapanda jukwaani, akamnyang'anya Christophe kipaza sauti. Hakupiga kelele, na waliomjua wakajua mambo yameharibika.

"Patron Jean-Paul, pole sana. Ulikufa siku gani?"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani.

"Niko nakuuliza vizuri. Pale katikati ya wimbo mie naita wafu tu. Laura yangu iko pale. Kama na wewe wamekuita pale, basi wamekuzika. Nani alikuchimbia shimo?"

Kicheko kikakatika. Waliowahi kukimbia kwa njia ile walikuwa wengi ukumbini, na wote waliinamisha vichwa. Tajiri akaketi, akasimama tena.

"Mutoe jina yangu!" akafoka. "Mutoe leo leo! Mie niko muzima!"

Christophe akapiga magoti palepale jukwaani. "Utusamehe, mama. Hatukujua. Tutatoa jina yake, tutaacha kimya pale."

"Kimya?" Sasa sauti ya Marcelline ilipanda kweli. "Kimya wako nayo tayari kule porini, miaka yote hii! Utawaita. Wewe mwenyewe, mbele ya watu hawa."

"Ndiyo, mama. Nitawaita."

Akapokea kipaza sauti, akasimama, akakisogeza mdomoni. Ukumbi mzima ukasubiri. Kisha akakishusha na kumgeukia Marcelline.

"Majina ilikuwa nani na nani, mama?"