Besi Bila Bendi

Nilijifunza kupiga gitaa la besi kwa sababu ya urefu wa vidole vyangu. Katika shule ya wasichana niliyosoma, ya masista, kulikuwa na bendi ndogo ya vyombo vilivyoletwa na wafadhili kutoka Ulaya. Sista aliyetufundisha muziki alitupanga mstari, akatukagua mikono kama anayetafuta kucha chafu, akanikabidhi lile gitaa zito la nyuzi nne ambalo hakuna aliyelitaka. Wote walitaka gitaa la solo. Solo alipewa rafiki yangu, msichana wa upande wa Songea, mwepesi wa kucheka, aliyelala kitanda cha juu yangu miaka yote ya shule. Yeye akipiga, watu waligeuza shingo. Mimi nikipiga, miguu yao ndiyo iliyocheza, na wenyewe hawakujua inachezeshwa na nani. Nililipenda hilo. Nilikuwa mtu wa aibu, na besi ilinipa mahali pa kusimama katikati ya watu bila kutazamwa.

Tulipomaliza shule vyombo vilibaki, sisi tukatawanyika. Rafiki yangu akaolewa Songea na mfanyabiashara. Mimi nikaenda chuo cha ualimu, kisha nikapangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kaskazini ya Mbamba Bay. Kwetu ni Maguu, milimani, ambako asubuhi unatoka na sweta na jioni unaota moto. Kule ziwani nililala mlango wazi kwa joto, nikisikiliza mawimbi. Nyumba yangu ya mwalimu ilikuwa ya mwisho, karibu na mawe.

Watu walikuwa wema kwangu. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nilitengwa. Lakini wanawake wakiwa majini wanafua, walizungumza Kinyasa, wakicheka kwa sauti. Nikifika mimi, Mmatengo wa milimani, walihamia Kiswahili kwa heshima, na mazungumzo yakapungua. Tuliulizana habari za nyumbani, habari za watoto wa shule, basi. Nilifua haraka nikaondoka, na nikiwa mbali kidogo nilisikia Kinyasa kikirudi na vicheko vyake.

Nilikuwa na redio ndogo ya betri. Spika yake haikuwa na uwezo wa kutoa besi. Ilitoa waimbaji na magitaa ya juu tu, membamba kama waya. Kwa hiyo jioni, muziki ukipigwa, mimi nilijazia sehemu iliyokosekana kwa vidole juu ya paja. Niliweza kupiga nyimbo nzima hivyo, nikiwa nimeketi peke yangu kwenye mkeka, bila sauti yoyote. Siku moja mwalimu mwenzangu alipita, akanikuta, akauliza kama nina wasiwasi wa jambo fulani.

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda hadi Maguu na malori yao. Kabla ya hapo baba alikuwa akipeleka kahawa ushirika, halafu anasubiri malipo mpaka anasahau. Sasa mtu anapima, analipa papo hapo. Baba alikuwa amenigawia miti ya kahawa ya mama yangu, marehemu, iliyo upande wa juu wa kilima, naye ndiye aliyenitunzia. Msimu mmoja bei ilipanda kwa namna ambayo hata wazee hawakuwahi kuiona. Nilipokwenda nyumbani likizo alinikabidhi fedha zangu zimefungwa kwenye kitambaa.

"Nunua mabati," alisema. "Utakuja kustaafu, utahitaji nyumba."

"Nataka gitaa, baba."

Alidhani ninatania. Kisha akauliza, "La kufundishia?"

"La kupiga."

"Na nani?"

Nilikifunga upya kile kitambaa cha fedha. Nilipanda basi kwenda Dar es Salaam hivyo hivyo.

Duka nililoelekezwa lilikuwa la mzee mmoja wa Kihindi, jembamba na refu, limejaa vinanda, ngoma, tarumbeta na redio. Zamani, wakati ninasoma, hata waya wa gitaa ulikuwa haupatikani nchini kwa fedha yoyote. Sasa kila kitu kilikuwa kinaning'inia ukutani. Nilisimama mlangoni kwa muda nikitazama tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Unanunulia kwaya?"

"Hapana. Nataka gitaa la besi. La kwangu."

"La mume wako."

"La kwangu mwenyewe."

Alinitazama mikono, kama alivyofanya sista, akapanda ngazi akaliteremsha. Lilikuwa la rangi nyekundu iliyokolea, na mabegani limekaa vumbi. Alilifuta kwa mkono wa shati. Alichomeka waya kwenye amplifaya kubwa iliyokuwa sakafuni, nami nikakaza nyuzi, nikapiga. Vioo vya kabati vilitetemeka. Wauzaji wawili waliacha kufunga mizigo. Sikuwa nimegusa besi tangu shule, na vidole vilikwenda vyenyewe. Nilipomaliza nilitambua nimefumba macho.

Ndipo akanitajia bei.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia kwamba sista wetu aliwahi kututajia bei ya gitaa la namna ile kwao, na haikufika hata nusu ya hiyo. Nilitarajia akasirike. Alivuta stuli akaketi.

"Sista wako anasema kweli," alisema. "Kwao linauzwa hivyo. Lakini wewe hununui kwao, unanunua hapa. Mimi nalilipia kwa dola. Dola nainunua kwa shilingi, na shilingi ya leo si ya mwezi uliopita. Nachukua machache, kwa hiyo kiwandani hawanipi bei ya yule anayechukua kontena zima. Halafu kuna meli, na bima. Likifika bandarini kuna ushuru, na hawakutozi kwenye bei ya gitaa peke yake. Wanajumlisha kwanza nauli na bima, ndipo wanatoza. Juu yake kodi ya mauzo. Wakala wa forodha naye anataka chake. Mzigo ukichelewa kutoka, nalipia kukaa kwake."

"Na faida yako?"

"Ipo, sikufichi." Aliligonga gitaa kidogo kwa kidole. "Ila hili liliingia hapa kabla mjukuu wangu hajazaliwa. Sasa mjukuu anakimbia. Sukari ukiileta inatoka leo leo. Besi inakaa. Vijana wanaingia, wanashika solo, wanapita. Muda wote huo fedha yangu iko ukutani. Anayekuja kulinunua mwishoni, huyo analipa na kule kukaa."

Nililitazama lile gitaa nikalionea huruma, jambo la kijinga kwa mtu anayetaka kupunguziwa bei. Alinipunguzia, lakini si sana.

Amplifaya ya besi yenyewe, ile ya sakafuni, ilinishinda kabisa. Alisema ni nzito, na uzito umelipiwa kila mahali ilipopita. Kisha akauliza, "Kwenu kuna umeme?" Nikasema hakuna. Akacheka kwa mara ya kwanza. Alinitolea amplifaya ndogo ya kutumia betri ya gari, ile ambayo watu hununua kwa ajili ya mikutano ya hadhara, pamoja na spika ambayo sanduku lake lilikuwa limepigwa na fundi wa mbao wa hapo hapo mjini. Kilichotoka nje ya nchi ni spika yenyewe ya ndani. Ndiyo maana niliimudu. Mlio wake haukuwa mzuri. Ulikuwa kama mtu anayezungumza akiwa na mafua. Lakini ulikuwa wa chini, na chini ndiko nilikotaka kufika.

Nilirudi nikipitia nyumbani. Baba alilishika, akapima uzito wake mikononi, akauliza bei. Sikutaka kumdanganya. Nilimweleza na mambo ya meli na ushuru, kama nilivyoelezwa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kahawa yetu nayo inapanda meli," alisema.

"Ndiyo."

"Basi mbona kahawa ikienda mbali bei inapanda huko iendako, na hili likitoka mbali bei inapanda huku lijako? Meli hiyo haina upande wa kutufaa sisi?"

Nilijaribu kumjibu, mimi mwalimu, nikaona ninarudia maneno ya dukani. Aliniacha niseme, kisha akaenda kufungia mbuzi.

Kule ziwani nililitundika kwenye msumari chumbani. Betri ya gari niliipata kwa dereva mmoja. Kuichaji ilibidi ipelekwe Mbamba Bay kwa baiskeli, kwa fundi mwenye jenereta, na haikudumu. Kwa hiyo siku nyingi nilipiga bila amplifaya. Gitaa la besi la umeme bila umeme halisikiki; unasikia nyuzi zikigonga tu. Lakini niligundua kwamba nikiegemeza taya kwenye pembe ya juu ya ubao wake, sauti inaingia kupitia mfupa, nzito na kamili, inajaa kichwa chote. Nilipiga hivyo jioni nyingi, nimeinamisha shingo kama mtu anayesinzia. Katika kijiji kizima, mimi peke yangu niliusikia muziki ule.

Betri ikiwa na moto nilifungua spika. Jirani yangu, bibi mmoja mjane aliyekuwa akianika muhogo kati ya nyumba zetu, alisogeza kigoda chake akaja kuketi karibu na mlango wangu siku ya kwanza. Alisikiliza kwa adabu kubwa. Nilimpigia nyimbo tatu nilizozipenda kuliko zote, moja baada ya nyingine. Nilipopumzika alisema:

"Ni nzuri, mwalimu. Sasa wimbo wenyewe unaanza lini?"

Nilicheka, nikamwambia karibu utaanza. Lakini alipoondoka nilikaa chini. Nyimbo zote zile zilikuwa kamili kichwani mwangu: ngoma, solo, kina dada wanaitikia. Bibi alikuwa amesikia msingi wa nyumba ambayo haipo.

Nilikwenda kwa mwalimu wa kwaya ya kanisani. Alinipokea vizuri, akaja hadi kulitazama gitaa. Alisema kwaya yao inakwenda kwa ngoma na kayamba, na watu wameizoea hivyo. Na tena betri ikizimika katikati ya misa itakuwaje? Alikuwa na haki. Hakusema lolote juu ya mwanamke kupiga gitaa, ingawa nilimwona akilitafuta neno la kulisema kisha akaliacha. Nikaendelea kuimba kwenye sauti ya pili kama kawaida, nimesimama mstari wa nyuma.

Ilipita zaidi ya mwaka. Jumapili moja baada ya misa, lori lilisimama karibu na shule, na mwanamke mnene aliyevaa kitenge kizuri akateremka akiita jina langu la shuleni. Sikumtambua hadi alipocheka.

"Mwenzangu! Nimesikia sokoni Songea eti kuna mwalimu wa kike anapiga besi huku ziwani. Nikamwambia mume wangu, huyo hawezi kuwa mwingine. Leo anafuata usipa, nikasema sibaki."

Nilimkumbatia mpaka kilemba chake kikaanguka. Mumewe alikwenda kununua hao dagaa wakavu kwa wavuvi. Sisi tuliketi mlangoni. Nilimuuliza kama bado anapiga. Akafungua viganja vyake akanionyesha ncha za vidole, laini kama za mtoto.

"Solo naipigia wapi? Nyumbani kwangu kuna redio kubwa mbili, basi." Alitazama pembeni kidogo. "Hebu lete hicho chombo."

Nilichomeka. Nilianza wimbo tuliokuwa tukifungulia sherehe za shule, na alipofika mahali pake alifungua mdomo akaipiga solo kwa sauti yake, noti kwa noti, ti-ri-ri, ti-ri-ri, na vidole vyake vya mkono wa kushoto vikitembea hewani. Hakuwa amesahau hata kona moja. Watu walianza kukusanyika. Wale wanawake wanaofua ziwani walikuja na ndoo zao vichwani. Bibi jirani alikaa mbele kabisa, akipiga makofi, na mwanamke mmoja akaingia na kayamba. Betri ilikufa katikati ya wimbo wa tatu na hakuna aliyejali. Waliimba Kinyasa juu ya nyuzi zilizokuwa zikigonga tu, na safari hii hakuna aliyebadili lugha kwa ajili yangu.

Lori lilipiga honi. Rafiki yangu aliinuka, akafunga kilemba.

"Ungekuwa na solo hapa," alisema, "ningekuja kila mwezi."

"Solo ina bei yake."

"Najua," alisema, tukacheka wote wawili kama hakuna neno. Alipanda mbele, akapunga mkono hadi lori likaingia kwenye kona ya mlima.

Hakuja tena. Baadaye nilisikia mumewe amehamishia biashara yake Mbeya. Wakati ule sikujua hivyo. Nilijua tu kwamba uwanja umebaki na nyayo nyingi, na kwamba vikombe viwili vinahitaji kuoshwa. Niliviosha. Nililitundika gitaa. Wiki nzima sikuligusa.

Jumamosi niliifunga betri kwenye baiskeli nikaipeleka Mbamba Bay. Fundi wa jenereta aliipokea, akaigeuza, akafuta vumbi kwenye vichwa vyake.

"Kuna mkutano huko kwenu?" aliuliza.

"Hakuna."

"Harusi?"

"Hakuna kitu, kaka. Wewe ijaze tu."