Baba Alivyochagua Pampu Kama Fahali

Wenzangu tuliokulia vijiji vya Masumbwe, mnaikumbuka siku ya mnada? Vumbi, nyama choma, miwa tuliyoimenya kwa meno, na baba zetu wakimzunguka ng'ombe mmoja asubuhi nzima. Mtoto wa leo anachoka kusubiri simu iwake. Sisi tulisimama juani tukijifunza jinsi Msukuma anavyochagua fahali: unamzunguka, unampiga kofi ubavuni, unasikiliza sauti yake. Anayenguruma ndiye mwenye kifua.

Basi baba yangu akachagua pampu ya maji vivyo hivyo.

Mwaka huo nilikuwa darasa la saba. Tulikuwa na bustani ya nyanya juu ya mto, na kiangazi kilikuwa kikali. Mchuuzi mmoja alipanga pampu zake mnadani. Baba akazizunguka, akazigonga, akaomba ziwashwe moja moja, kisha akachukua nyekundu iliyonguruma mpaka mbuzi wa watu wakakata kamba. Majirani walikuja kuitazama, naye akatamba weee.

Wiki ya tatu pampu ikanyamaza, nyanya zikiwa zimechanua. Mchuuzi tulimtafuta minada miwili, hakuna aliyejua alikotokea. Tukarudi kwenye ndoo. Tangu alfajiri nilipanda na kushuka ule mteremko, shule nikaikosa wiki ya kwanza, nikaikosa na ya pili, na mtihani wa kumaliza ulikuwa mlangoni. Wenzangu walipita na madaftari yao, nami nikajificha nyuma ya migomba nisionekane. Kila jioni baba aliifuta pampu yake vumbi. Nilimchukia kwa hilo, Mungu anisamehe.

Mama ndiye aliyechoka kunyamaza. "Nyanya zinapona, mtoto anaharibika," alisema. Akauza mtamba wake wa pekee, akajitwika pampu kichwani, tukaenda mjini kwenye duka la Baba Salma, Mhindi aliyezaliwa palepale Masumbwe na kukijua Kisukuma kuliko vijana wenu wa sasa.

Baba Salma aliifungua, akatikisa kichwa. "Mama Minza, kilichovunjika humu ndani hukipati hapa, Kahama wala Mwanza. Mashine isiyo na spea ni mzigo tu."

Kisha akauliza jambo ambalo mchuuzi hakuuliza: kutoka majini hadi bustanini ni mbali kiasi gani, na kuna mwinuko gani? Mama hakujua habari za mita. Alijibu kwamba ni hatua mia mbili na kumi, na mtoto mwenye ndoo hupumzika mara mbili. Baba Salma akanitazama, akaingia ndani, akatoka na pampu ndogo ya kijivu. Alifungua droo akatuonyesha spea zake, halafu akamvutisha mama kamba ya kuwashia mpaka akaiweza mwenyewe. "Ikigoma niletee mimi," akasema. "Msimpe fundi wa njiani."

Baba alipoisikia alicheka. "Hii inafanya kazi au inanong'ona?" Lakini maji yakafika juu, na kesho yake nikarudi darasani.

Asubuhi ya mtihani baba alinisindikiza mpaka shuleni, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Tulipofika alisimama, akaangalia chini, akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, nilichagua vibaya. Nisamehe."

Siku hizi nafundisha Runzewe. Vijana wananunua pampu na mashine za kukata nyasi kwa picha za simuni. Ikifa wanamtukana muuzaji wasiyemjua sura, wanaagiza nyingine. Nawatania, nao wananicheka, na kusema kweli mashine zao ni nzuri kuliko zetu. Ila sijasikia mzazi wa leo akimwambia mtoto wake maneno yale. Mimi mwenyewe nina watoto watatu, nimewakosea mara nyingi, na bado hayajanitoka mdomoni.